Pigo la Nne

Mama yangu husinzia kila unapopigwa mdundo wa Kopo la Mchele. Si kwa uchovu. Nimewahi kumwona akisinzia akiwa amesimama, kwenye foleni ya posta, bahasha mkononi, kwa sababu tu gari lililopita nje lilikuwa limefungulia redio. Kwenye harusi ya binamu yangu Tamoy aliangusha kichwa karibu na sahani ya mchuzi wa mbuzi, na mashangazi wakacheka hadi wakatoa machozi.

"Mwoneni Ionie! Wenzake wanakata kiuno, yeye anaota!"

Yeye huamka, hufuta mdomo, hutabasamu kwa aibu. Aibu hiyo ndiyo niliyorithi mimi.

Mdundo wenyewe ulirekodiwa mwaka 1977 katika studio ya Mtaa wa Bramble, hapa Kingston, chumba chenye dari ya chini na trei za mayai zilizogongomelewa ukutani ili kuzuia mwangwi. Waimbaji zaidi ya mia wameimba juu yake, wa kwetu na wa ng'ambo. Besi yake hushuka polepole, kama mzee anayepapasa ngazi kwa mguu. Na nyuma ya besi upo ule mlio: sh, sh, sh, kisha kimya. Mapigo matatu, la nne halipo. Watu walidhani ni mchele unaotikiswa ndani ya kopo la maziwa, na jina likaja hivyo. Wapigaji wa London na wa Japani wamejaribu mchele, mchanga, msasa, hata ufagio. Hakuna aliyeupata.

Kwetu husemwa kwamba mzuka hawezi kuhesabu kupita tatu. Ukimwaga punje mlangoni, atahesabu moja, mbili, tatu, atapotea, ataanza upya mpaka jua limkute. Kwa hiyo wanamuziki walikuwa na utani wao: aliyetikisa kopo siku ile alikuwa mzuka. Niliusikia utani huo tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kumwona babu akiucheka.

Babu yangu, Lascelles, ndiye aliyekuwa fundi mitambo wa studio hiyo. Na wa kwanza kuimba juu ya mdundo ule alikuwa mke wake, Merdina, bibi yangu. Wimbo wake haupo. Wiki tatu baada ya kuuimba, Merdina alitoka kununua mkate, na risasi iliyokuwa ikimtafuta mtu mwingine ikampata yeye. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama yangu alikuwa na miezi mitano.

Babu aliufuta wimbo. Hilo kila mtu katika familia alilijua, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mdundo ukabaki mtupu, ukapewa waimbaji wengine, nao wakaupeleka duniani. Mama akalelewa na dada yake babu, akabaki na picha moja tu ya mama yake, ambamo Merdina amefumba mdomo. Siku moja mama, akimenya ndizi mbichi, aliniambia bila kuinua macho, "Picha ninayo, Keturah. Lakini picha haiwezi kukuita jina."

Nikachukua kisu kingine nikamsaidia kumenya.

*

Nilisomea utunzaji wa kumbukumbu. Mwaka huu chuo kilikubali kuhifadhi tepu za Mtaa wa Bramble, na mimi nikatumwa kuziorodhesha, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye babu angemfungulia mlango. Alinipa ufunguo asubuhi ya kwanza, akasema, "Vumbi ni lako. Mashine usiguse bila mimi," akarudi zake nyumbani.

Mtu niliyekuwa naye zaidi ni Fimbo. Jina lake halisi ni Vinroy. Ndiye aliyepiga ngoma kwenye Kopo la Mchele na kwenye nusu ya santuri zilizotoka mle ndani. Sasa magoti yamemkatalia, lakini kila siku huja kukaa kibarazani mwa studio, akicheza domino na yeyote anayepita, akizibamiza mezani kama bado yuko kazini.

"Mwanachuo!" aliniita siku ile. "Umekaa na vumbi mpaka umefanana nalo. Njoo ule."

Alikuwa na shelisheli la kuchoma kwenye karatasi. Nikakaa naye. Nikamwuliza kitu ambacho kilikuwa kimenisumbua: kwa nini kwenye picha zote za zamani ngoma ziko kona ya kushoto, karibu na piano, na sasa ziko kulia, karibu na mlango?

Aliacha kutafuna.

"Babu yako hakukuambia?"

"Babu haniambii kitu."

"Basi usiseme nimekwambia mimi. Tulipomzika bibi yako, tulifanya usiku wa tisa, ule mkesha wa kumuaga marehemu, kama inavyotakiwa. Nyumbani wakageuza godoro, wakasogeza kitanda, wakahamisha kabati. Unajua sababu?"

"Ili akirudi asikitambue chumba."

"Ehe. Asikae. Aende zake salama. Basi kesho yake tukafika kazini, tukamkuta Lascelles ameshahamisha kila kitu. Ngoma huku, piano kule. Peke yake! Ana kucha zimevunjika. Nikamwambia, kaka, hapa ni studio, si chumba cha kulala. Akaniambia, 'Alikuwa akishinda hapa kuliko nyumbani.'" Fimbo alitazama mikono yake. "Mtoto, ile kona ya kushoto ilikuwa na kitu. Sakafu yake ilikuwa na tumbo, ukipiga inakujibu. Tuliposogea hatua sita tu, sauti ikafa. Tulijaribu mwaka mzima. Wateja wakahamia kwingine mmoja mmoja. Leo utasoma vitabuni kwamba mashine mpya ndizo zilizotumaliza. Uongo! Tulimalizwa na ngoma kusogezwa."

"Hamkumwambia azirudishe?"

"Umwambie mjane amfungulie mzuka mlango? Mwambie wewe."

Nilirudi ndani na kwenda kusimama kwenye kona ya kushoto. Nilisikia aibu, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwingine. Niligonga sakafu kwa kisigino, na kweli, ilijibu. Ndipo nikaona kwamba trei moja ya mayai, usawa wa goti langu, ilikuwa na misumari tofauti na nyingine. Misumari mipya kuliko ya trei zote. Mipya, maana yake ya miaka arobaini na saba.

Nyuma yake palikuwa na boksi la tepu. Juu yake, kwa mwandiko wa babu: *M. Usifungue.*

*

Tepu za miaka ile huvuta unyevu, gundi yake ikalainika. Ukiipiga hivyo hivyo inanata kwenye mashine na kujichuna. Dawa yake ni kuikausha kwa joto dogo sana kwa saa nyingi, na baada ya hapo unaweza kuipiga mara moja, mbili ukibahatika. Chuo kina mashine ya kazi hiyo. Mimi niliipeleka jikoni kwa mama, kwenye kile kikaushio chake cha maembe. Ningeipeleka chuoni, ningelazimika kuandika jina la bibi kwenye orodha.

"Unapika nini humo?" mama aliuliza.

"Kazi."

"Kazi inanuka plastiki. Maembe yangu yakinuka plastiki utayala wewe."

"Nitayala, mama."

"Hata hujaniambia ni ya nani."

"Ya zamani tu."

Aliniangalia. Mama hujua ninaposema uongo kwa sababu huwa nasema polepole. Alifuta meza, akafuta mahali palipokwisha kufutwa, akaenda kukaa sebuleni. Nilibaki nikisikia feni ndogo ya kikaushio ikizunguka, na nikawaza kwamba mle ndani, kati ya trei ambazo mama hupanga vipande vya maembe, yumo mama yake. Au hayumo. Babu alikuwa fundi mzuri. Akifuta, anafuta.

*

Siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, niliiweka tepu kwenye mashine. Nilijua nimekatazwa. Nilisafisha kwa spiriti vichwa vyake, vile vinavyosoma tepu, nikapitisha utepe. Tepu ile ilikuwa ya njia nane, kila chombo na njia yake: ya kwanza ngoma, ya pili besi, na kuendelea hadi ya nane, iliyoandikwa *sauti*.

Nikaanza na ya nane. Hakukuwa na kitu. Mvumo tu, kama upepo nje ya nyumba isiyokaliwa.

Kisha, kwa kuwa hakuna kingine cha kufanya, nikairudisha tepu mwanzo, nikashusha njia zote, nikapandisha ile ya ngoma peke yake. Hakuna aliyewahi kuisikia peke yake isipokuwa babu. Dunia nzima ilipewa mdundo ukiwa umeshachanganywa.

Kabla ya ngoma kuanza kulikuwa na chumba. Viti vikisogezwa. Mtu akikohoa. Kisha mtoto mchanga, akilia kile kilio cha kukatishwa usingizi. Na sauti ya mwanamke, kwa mbali, kama ametupa mgongo:

"Ngoja kwanza, Fimbo. Binti ameamka."

Niliinama nikasogeza sikio kwenye spika.

Sauti ya babu, ya kijana, kutoka kwenye spika ya chumba cha mitambo: "Merdina, mtoe nje huyo mtoto."

"Nje kuna jua la kuua. Anzeni tu. Nitambembeleza kwa huo huo mdundo wenu."

Watu wakacheka. Fimbo akahesabu hadi nne, ngoma zikaingia, na kando yake, karibu kabisa na maikrofoni ya ngoma, ukaanza ule mlio ambao wapigaji wa dunia nzima wameutafuta kwa mchele na kwa mchanga. Sh, sh, sh. Na kwenye pigo la nne, bila besi na gitaa kuufunika, nilisikia kilichokuwapo siku zote: bibi anavuta pumzi.

Mkono ulipita juu ya bega langu ukabonyeza kitufe. Tepu ikasimama.

Sikumsikia babu akiingia. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani. Sijui alikuwa akielekea wapi. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Nilikwambia mashine usiguse."

"Babu, ni bibi."

"Najua ni nani." Aliketi kwenye kiti chake cha zamani, kile chenye mto wa kitambaa cha pazia. Juu ya vichwa vya mashine palikuwa na unga wa kahawia: tepu ilikuwa imeanza kujichuna. Tuliutazama wote wawili. "Imebaki mara moja," alisema. "Baada ya hapo ni vumbi. Acha iwe vumbi."

"Kwa nini uliificha? Ungeichoma."

"Nilijaribu. Niliwasha moto ndani ya pipa uani, nikasimama na boksi mkononi mpaka moto ukazimika wenyewe." Alivua kofia. "Sikiliza, Ketty. Baada ya mazishi nilikuja kazini, nikapiga tepu, akaimba. Mke wangu yuko kaburini siku ya tatu, na hapa anaimba. Wazee walinifundisha kwamba maiti haendi ukiendelea kumwita. Nikasogeza ngoma. Nikafuta wimbo. Nilimfanyia heshima aende. Halafu nikasikiliza kilichobaki, na yumo. Yumo ndani ya ngoma! Ningefuta ngoma, ningefuta kazi ya Fimbo, kazi ya wenzangu wote, walikuwa na watoto wa kulisha. Nikasema basi, iende, nani atajua ni mtu?"

Nje Fimbo alibamiza domino, na mtu akapiga kelele kwamba ameibiwa.

"Iliendaje sasa," babu aliendelea. "Nikienda kinyozi, yuko. Nikilazwa hospitali, gari linapita dirishani, yuko. Siku ya jubilei kanisani, kijana wa kwaya ameweka maneno ya Mungu juu yake, yuko, anabembeleza. Nilimfungia nje ya chumba kimoja, nikamwachia dunia nzima. Hawezi kulala, mjukuu wangu, kwa sababu watu hawaachi kumwamsha. Na mimi ndiye niliyefanya hivyo. Basi hii moja tu, niachie niizime."

Alinyoosha mkono kuelekea kwenye tepu. Ulikuwa mkono wa mzee, wenye madoa, na nilimpenda sana, na nikauzuia.

Nilikuwa sijawahi kumzuia mtu kitu. Darasani nilikuwa nikijua jibu na kunyamaza. Lakini niliushika mkono wa babu yangu na nikasikia sauti yangu ikisema, polepole kama ninaposema uongo, ingawa safari hii haikuwa uongo.

"Babu, kwako wewe ni mzuka kwa sababu ulimjua. Mama hakumjua. Kwa mama hajawahi kuwa kitu chochote, hata mzuka. Unajua kwa nini mama husinzia?"

Aliigeuza kofia magotini kwa mkono uliobaki.

"Watu wamemcheka maisha yake yote, babu. Na wewe ulikuwa unajua."

Babu aliangalia sakafu, mahali ambapo, nilikuja kujua baadaye, wakati ule palikuwa na boksi la vinanda walimomlaza mtoto juu ya shali mbili.

"Mwite," alisema.

*

Mama alikuja na aproni yake, unga kwenye kiwiko. Nilimwambia kwenye simu kwamba babu anamtaka, na kwa vile babu hakuwahi kumtaka hata siku moja, alidhani anakufa.

"Bwana Lascelles," alisema mlangoni. Hivyo ndivyo anavyomwita. "Mbona uko mzima?"

"Kaa, Ionie."

"Nitasimama."

"Kaa, mwanangu."

Neno hilo ndilo lililomkalisha. Aliketi sakafuni, kwenye kona ya kushoto, kwa sababu viti vyote vilikuwa na maboksi yangu. Hakuna aliyemwelekeza pale. Fimbo alikuwa amechungulia mlangoni na domino mkononi, na hakuna aliyemfukuza.

Niliunganisha kompyuta ili inakili, maana nilijua hii ni mara ya mwisho. Babu ndiye aliyebonyeza. Hakuniachia.

Viti vikasogezwa. Mtu akakohoa. Mtoto akalia.

"Ni nani huyo?" mama aliuliza.

"Ni wewe," babu alisema.

*Ngoja kwanza, Fimbo. Binti ameamka.*

Mama alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mlangoni Fimbo alisema, "Yesu wangu," taratibu, na domino ikamdondoka. Ngoma ziliingia. Nilikuwa nikimtazama mama, nilikuwa naogopa. Niliona kope zake zikianza kushuka kama zinavyoshuka siku zote, posta, harusini, kila mahali, na kichwa chake kikaegemea ukuta. Sh, sh, sh. Pumzi. Sh, sh, sh. Pumzi. Nikawaza, hapana, mama, si leo. Lakini alikuwa ameushika ukingo wa aproni kwa nguvu, akiuzungusha kidoleni, akiuzungusha, na macho yake yalibaki wazi, yamejaa, yameelekea kwenye spika. Alipigana na usingizi ule dakika tatu na nusu. Unga wa kahawia ulikuwa ukimwagika kutoka kwenye mashine mbele yetu, na hakuna aliyepumua isipokuwa Merdina.

Ngoma zikaisha. Babu alipeleka mkono kwenye kitufe, akauacha hewani.

Toazi lilivuma hadi likanyamaza. Kisha, karibu sana, kwa mnong'ono wa mtu aliyeinama:

*Amelala Ionie wangu. Tembeeni polepole.*

Tepu ikatoka kwenye gurudumu, ikazunguka ikipiga tap, tap, tap. Babu akaizima.

Mama hakulia kama nilivyotarajia. Alisema, "Amenitaja," akimwangalia babu. Akarudia, kama mtu anayemweleza mwingine jambo ambalo huyo mwingine hakulisikia. "Alinitaja jina."

"Ndiyo."

"Miaka arobaini na saba, Baba."

"Ndiyo," babu alisema. Hakujitetea. Na mama hakumwambia kwamba amesamehe, wala sikuona kwamba amesamehe. Alinyanyuka tu, akapangusa unga kiwikoni, akaja kwenye kompyuta yangu, akaniuliza kama imo. Nikamwambia imo.

"Chuo watataka?"

"Watataka sana."

"Wape ngoma. Maneno yake ya mwanzo na ya mwisho uyakate, uniletee nyumbani." Alifikiri. "Hiyo sh-sh waachie. Wameshaizoea."

Babu alikuwa amesimama. Alivua koti lake la kanisani, akalitundika kwenye stendi ya maikrofoni, akaenda kwenye ile ngoma kubwa karibu na mlango. Akaiwekea bega akaisukuma. Ililia juu ya mbao, ikasogea kiasi cha kiganja.

"Lascelles!" Fimbo alifoka. "Unafanya nini na ngoma yangu?"

"Nairudisha."

"Na magoti haya? Leo ndiyo umekumbuka?"

"Shika upande huo, acha domo."

Fimbo alishika. Mama naye akajifunga aproni upya kiunoni, akaenda kusukuma, na mimi nikachukua matoazi. Hatua sita si mbali. Kila tulipopumzika, babu aligeuka kuangalia kona ya kushoto, kama mtu anayemwangalia mgeni aone kama bado yupo. Na tulipofika, tukiwa tumeinama wote wanne kuinyanyua ngoma tuiweke mahali pake, mama ndiye aliyetuambia tuishushe polepole.